Sita Kila Saa



Leo sitaandika juu ya ngeli wala juu ya nani alitunga utenzi gani. Nataka kusimulia historia ya jambo dogo ambalo limenikaa rohoni tangu Disemba 2022, nayo ni ile tamaa ya binadamu ya kutengeneza mtambo umjibie salamu yeye akiwa kalala. Historia hii inapita katika miji mitatu ambayo baadhi yetu tunaijua kwa baridi yake: Louisville, Columbus na Buffalo. Mie nipo Columbus. Kijana wetu mmoja, mtu wa Uvira, yupo Louisville, anafanya kazi ya ghala usiku. Na Maalim wetu, mzaliwa wa Mombasa, mwalimu wa hesabu mstaafu, yuko Buffalo peke yake tangu mkewe alipofariki. Sote watatu tuna leseni ya redio ya ridhaa.

Kwa wasioijua, redio ya ridhaa ni ile ambayo mtu wa kawaida, si shirika la utangazaji wala si jeshi, anafanya mtihani wa serikali, anapewa alama yake ya mwito, halafu anaruhusiwa kurusha mawimbi na kuzungumza na wenziwe duniani bila ya kulipwa. Marekani haiulizi uraia. Ukishinda maswali yao 35 ya daraja la pili, unaingia katika masafa yanayovuka bahari. Zamani ilibidi ujue pia alama za Morse, lakini sharti hilo liliondoshwa Februari 2007, na ndiyo maana watu wa umri wangu wakathubutu. Wazee wetu waliiita simu ya upepo, na mpaka leo sijaona jina zuri zaidi.

Nianze Louisville. Pale mtaa wa Butchertown, barabara ya East Washington, kipo kijumba cha matofali ambacho sasa ni makumbusho. Thomas Edison alikaa upande huo wa mji mwaka 1866 na 1867, kijana wa miaka 19 na 20, akifanya kazi ya usiku ya kupokea habari kwa simu ya waya katika ofisi ya Western Union. Si Edison wa taa. Huyu ni kijana mwenye masikio mabovu, anayesoma usiku kucha na kuchezea betri pale ambapo alitakiwa kukaa kimya akisubiri. Inasimuliwa kwamba alifukuzwa kwa kumwaga tindikali, ikapenya sakafu mpaka chumba cha bosi chini.

Lakini kisa ninachokitaka kilitokea kabla ya Louisville, kule Stratford, Ontario, ng'ambo ya mpaka na si mbali sana na Buffalo. Edison alikuwa na miaka 16, karani wa simu wa zamu ya usiku katika reli ya Grand Trunk. Sheria ya reli ilikuwa kwamba kila karani wa usiku apeleke alama ya namba 6 kila saa, ili makao makuu yajue kwamba yuko macho. Maana karani akilala, treni mbili zinaweza kukutana uso kwa uso. Edison alifanya nini? Alitengeneza kigurudumu chenye meno, akakifunga kwenye saa ya ukutani, na kila saa kigurudumu kikipeleka 6 chenyewe barabara, bila ya kukosea hata mara moja. Yeye akilala, maana mchana hakulala, alikuwa na majaribio yake.

Alikamatwaje? Hapa ndipo penye utamu. Hakukamatwa kwa sababu ishara ilikosekana. Alikamatwa kwa sababu usiku mmoja mkubwa wake, mara tu baada ya kupokea 6, alimwita ampe ujumbe, na hakuna aliyejibu. Akaita tena. Kimya. Basi yule mkubwa akaelewa kwamba ishara ya uhai na uhai wenyewe vimeachana. Nawaombeni mlishike neno hilo, nitalirudia.

Miaka ile ile, Indianapolis, Edison alitengeneza pia kifaa cha kunasa alama zinazokuja kwa kasi na kuzirudia polepole, ili apate muda wa kuziandika kwa hati nzuri. Watafiti wanaona mawazo ya aina hiyo ndiyo yaliyomfikisha kwenye santuri mwaka 1877. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Uvivu wa karani wa simu umezaa mambo makubwa duniani. Huyo Edison aliipenda simu ya waya mpaka watoto wake wawili wa kwanza akawapa majina ya utani ya Nukta na Kistari.

Sasa turuke miaka mia moja na ushei. Joseph Taylor, mwanafizikia wa Marekani, alikuwa mpenzi wa redio ya ridhaa tangu utotoni. Mwaka 1974, yeye na mwanafunzi wake Russell Hulse, wakitumia darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico, waligundua pulsa ya kwanza iliyo katika jozi, nyota mbili zinazozungukana kwa chini ya saa nane, moja ikipiga mapigo kama 17 kwa sekunde. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993. Kazi ya mtu wa pulsa ni nini? Ni kuchimba pigo hafifu sana kutoka ndani ya kelele nyingi sana. Taylor alipokaribia kustaafu alirudi kwenye mchezo wake wa utotoni na ujuzi huo mkononi. Mwaka 2001 alitoa programu aliyoiita WSJT, ya kunasa ishara zinazodunda kwenye mikia ya vimondo, halafu akatoa njia nyingine za kudundisha ishara mwezini. Mwaka 2005 akaiweka programu wazi, yeyote asome na kurekebisha.

Katikati ya 2017, Taylor na Steven Franke, profesa wa Illinois, wakatoa njia mpya inayoitwa FT8, herufi mbili za majina yao na sauti nane inazotumia. Jua lilikuwa linaelekea kwenye uchovu wake wa kila miaka kumi na moja, madoa yake yamepungua, na masafa marefu yalikuwa yamekufa kwa wanaotumia sauti. FT8 ikawa kama mvua jangwani. Inavyofanya kazi ni hivi: saa za kompyuta zote duniani zinalinganishwa, kila dakika inagawiwa vipande vinne vya sekunde 15, mmoja anarusha kwa sekunde 12 na nukta, mwenziwe anasikiliza, kisha wanabadilishana. Ujumbe mmoja ni biti 77 tu. Ishara inaweza kuwa chini ya kelele zaidi ya mara mia, ukipima katika upana wa hezi 2500, na kompyuta bado ikaisoma. Sikio lako halisikii kitu ila mchakacho. Wati chache na waya uliotundikwa mtini vinakufikisha Afrika.

Na mazungumzo yenyewe? Ah, mazungumzo! Mmoja anaita dunia nzima na kutaja alipo kwa herufi mbili na tarakimu mbili. Louisville ni EM78, Columbus ni EM89, Buffalo ni FN02, na Unguja pamoja na Dar es Salaam ziko kwenye mraba mmoja, KI93. Wa pili anajibu na kutaja alipo. Wa kwanza anampa kipimo cha ishara yake. Wa pili anasema nimepokea, na wewe kipimo chako hiki. Wa kwanza anasema nimepata, 73. Wa pili anasema 73. Kwisha, dakika moja na nusu. Hiyo 73 ni salamu ya makarani wa simu ya waya wa karne ya 19, na Edison wa Louisville lazima aliipiga maelfu ya mara. Ucheshi mmoja kabla sijasahau: ujumbe wa kufunga unaandikwa RR73, na RR73 kwa hesabu ya ramani ni mraba halisi, uko katikati ya barafu ya Bahari ya Aktiki. Programu imefundishwa kwamba anayesema RR73 anaaga, hasemi kwamba anaishi na dubu.

Wenzangu wa isimu mmeshaona ninakokwenda. Mazungumzo haya ni hujambo-sijambo. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, nzuri, za watoto, wazima. Kila zamu imepangwa, hakuna habari mpya inayopita, na anayeruka zamu moja ni mshenzi. Rafiki zangu Wamarekani huicheka FT8 kwamba si mazungumzo. Mie nilipoiona mara ya kwanza niliona nimefika nyumbani. Salamu yetu haijawahi kuwa ya kupasha habari. Kazi yake ni kujua kwamba mtu yupo.

Na kwa kuwa kila zamu imepangwa, basi mtambo unaweza kuifanya. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Programu ya Taylor, WSJT-X, inaweza kuendesha zamu zenyewe ukishaanza, lakini waandishi wake walikataa makusudi kuifanya ianze mazungumzo na kuendelea peke yake kutwa kucha. Tena wameweka ndani yake kilinzi: ukikaa dakika kadhaa, kwa kawaida sita, bila ya kugusa kitu, mtambo unaacha kurusha. Ni yule mkubwa wa reli, kaingizwa ndani ya programu. Lakini programu ni wazi. Watu wakachukua maandishi yake, wakamwondoa mlinzi, wakaweka mtambo unaoita, unaojibu, unaochagua nchi ambazo huna, unaoandika daftari, nawe umelala zako fofofo. Wengine wakatengeneza vijiprogramu vya kubofya panya badala ya mkono.

Wakubwa hawakunyamaza. Sheria ya Marekani inataka kila kituo kiwe na mwendeshaji anayewajibika, na vituo vya kujiendesha vina mipaka yake. Chama cha ARRL, ambacho hutoa ile shahada ya DXCC ya kuwasiliana na nchi mia na zaidi, kikaandika kwenye kanuni zake kwamba mawasiliano yahesabike pale tu ambapo pande zote mbili mtu mwenyewe ndiye aliyeyaanzisha wakati ule. Lakini utajuaje? Kutoka hewani, mtu anayebofya na mtambo unaobofya wana sauti moja.

Kusema kweli, mitambo ya kujibu si dhambi kwa asili yake. Warusi walitangulia. Satelaiti zao za redio ya ridhaa, RS-5 na RS-7 zilizorushwa Disemba 1981, halafu RS-10 ya 1987, zilikuwa na roboti. Unaiita kwa Morse kwa utaratibu unaotakiwa, nayo inakurudishia alama yako, inakupa namba ya mawasiliano na kukuaga. Ila katika ujumbe wake ilitaja wazi kwamba mwendeshaji ni ROBOTI. Hapo hapana aliyedanganywa. Watu waliifurahia kama mtoto anavyofurahia mwangwi kisimani.

Sasa nije kwa Maalim. Maalim aliingia kwenye redio kwa sababu moja tu, alitaka kuiona Kenya kwenye daftari lake. Alikulia Mombasa wakati alama za kwetu zilikuwa VQ4 kwa Kenya, VQ3 kwa Tanganyika, VQ5 kwa Uganda, na Unguja ilikuwa VQ1, nchi kamili kwenye orodha ya dunia mpaka ilipofutwa katika miaka ya 70 ikahesabiwa pamoja na Tanzania. Alikuwa akituhadithia kwamba Sultan Qaboos wa Oman mwenyewe alikuwa na alama yake, A41AA, na kwamba mfalme naye hubidi asubiri zamu. Lakini watu wanaorusha kutoka Kenya ni wachache, na kutoka Buffalo njia hufunguka saa za ajabu. Mikono ya Maalim ilianza kutetemeka, macho nayo. Kukaa macho mpaka saa tisa za usiku akisaka mshale wa panya, hakuweza tena.

Mie ndiye niliyemwekea ule mtambo. Hapana mwingine wa kulaumiwa. Nilikwenda Buffalo kiangazi cha 2021, saa tano na kitu kwa gari, nikaketi kwenye kiti chake nikamwondolea kilinzi, nikamwekea kijiprogramu cha kubofya. Nilidhani namfanyia hisani, na kwa kiasi ilikuwa hisani kweli.

Baada ya miezi miwili akapata 5Z. Kenya! Saa tisa na dakika kumi na saba za usiku. Nilimpigia simu kumpongeza, akanijibu kwa unyonge, "Nilikuwa nimelala, mwanangu. Huyo aliyemwamkia Mkenya ni nani?" Nikamwambia alama ni yako, antena ni yako, umeme unaulipa wewe. Akasema, "Nami nikimtuma mtu akaniozee mke, hiyo ndoa ni yangu, sawa. Lakini nilimtuma nikiwa macho." Alikataa kuihesabu. Mtambo, hata hivyo, hakuuzima. Alisema unamchangamsha nyumba. Asubuhi akiamka anakuta orodha ya waliopita usiku kama mtu anayekuta nyayo uani.

Kabla ya kufika Disemba, niruhusuni nipite kwangu Columbus. Kaskazini kidogo ya hapa, mji wa Delaware, ilisimama darubini ya redio ya Chuo Kikuu cha Ohio State iliyoitwa Sikio Kubwa. Aliyeibuni, John Kraus, alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, alama yake W8JK, na antena yenye jina hilo aliyoibuni mwaka 1937 bado watu wanaitundika. Tangu 1973 darubini ile ilisikiliza mbingu kutafuta ishara ya viumbe wengine. Haikuwa na mtu wa kukesha nayo. Kompyuta ya IBM 1130 ilipokea, programu iliyoandikwa na Robert Dixon na Jerry Ehman ikageuza nguvu ya ishara kuwa tarakimu na herufi, mashine ikachapa karatasi. Tarehe 15 Agosti 1977 ilipita ishara kali ya sekunde 72, ikachapwa 6EQUJ5. Hiyo U maana yake nguvu zaidi ya mara 30 ya kelele ya kawaida. Hakuna aliyekuwepo. Ehman, aliyekuwa akijitolea bila ya malipo, aliiona siku chache baadaye alipokuwa akipitia karatasi, akaizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni neno la mshangao, sawa na sisi kusema Lahaula. Haijarudi tena mpaka leo. Sikio Kubwa lenyewe lilibomolewa 1998 kupisha uwanja wa gofu, na mie nikipita pale huona aibu kwa niaba ya mji.

Watu huuliza, je, kungekuwa na mtu pale usiku ule angefanya nini? Pengine asingefanya kitu. Lakini angeweza kuita.

Dhoruba ya Buffalo ilianza Ijumaa, tarehe 23 Disemba 2022. Mlioko huku mnaikumbuka: theluji karibu sentimita 130 pale uwanja wa ndege, upepo wa kuangusha mtu, magari yamekatazwa barabarani, zimamoto na magari ya wagonjwa yenyewe yamekwama. Katika wilaya ile walikufa watu zaidi ya 40, wengine ndani ya nyumba zao kwa sababu msaada haukuweza kufika.

Ijumaa magharibi nilimpigia Maalim. Hakupokea. Nikafungua ile ramani ya mtandaoni inayoonyesha kituo gani kinasikika wapi. Kituo chake kilikuwa hewani kwenye meta 40, kimesikika Italia, Hispania, Morocco. Nikamwambia mke wangu, "Maalim mzima, umeme anao, anacheza redio yake, ndiyo maana hapokei simu." Nikala, nikalala. Jumamosi asubuhi nikapiga tena, hakupokea. Nikatazama ramani: anaita, anajibiwa, anaaga. Alhamdulillahi. Nilijua vizuri kwamba kituo kile kinajiendesha, mikono yangu ndiyo iliyokifunga. Na bado, waungwana, nilipokiona kinaita niliona mtu anaita. Sina maelezo mengine.

Kijana wa Louisville ndiye aliyefanya alichofanya yule mkubwa wa reli ya Stratford. Alirudi kazini asubuhi, akawasha redio, akakiona kituo cha Maalim. FT8 inakubali ujumbe wa kuandika mwenyewe, lakini usizidi herufi kumi na tatu. Akaandika: MAALIM UPO? Akarusha mara tatu. Mtambo, ambao haujui kusoma isipokuwa zamu zake, ukaendelea kuita dunia nzima kama kwamba hakuna aliyesema kitu. Maalim, hata mikono itetemeke vipi, hawezi kuachwa akiulizwa yupo asijibu. Kijana akanipigia simu na Kiswahili chao kile cha Kongo, "Mukubwa, ule haiko Maalim. Ule ni mashini."

Basi tukaanza kukimbia. Namba ya dharura ilituweka kwenye foleni. Kijana akaita watu wa kanisa lake Louisville, wakaita jamaa zao Buffalo, maana upande wa magharibi wa mji ule umejaa watu wetu wa Kongo, Burundi na Somalia, na mmoja akapatikana mitaa miwili kutoka kwa Maalim. Alitembea mitaa hiyo miwili kwa saa nzima na zaidi. Alipopata ufunguo kwa jirani na kuingia, alimkuta Maalim sakafuni jikoni, ana fahamu kidogo, baridi, moyo unapiga polepole mno. Anasema alipoingia alisikia chumba cha pili kitu kinafanya tik, kinanyamaza, kinafanya tik, akadhani ni saa kubwa. Akaenda akang'oa waya ukutani ili apate pa kuchomeka hita.

Mie na kijana tulikuwa tunatazama ramani, mmoja Columbus, mmoja Louisville, tukiwa kwenye simu. Kituo kilipozimika ndipo tulipojua kwamba mtu amefika.

Nesi mmoja aliwaelekeza kwa simu usiku kucha. Gari la wagonjwa lilifika Jumapili asubuhi. Siku chache baadaye Maalim akawekewa betri ya moyo kifuani. Na hapa historia inatufanyia mzaha wake, maana mojawapo ya betri za moyo za kwanza za kupandikizwa ni mtoto wa Buffalo. Wilson Greatbatch, mhandisi mzaliwa wa mji ule na mpenzi wa redio tangu ujana wake, alikuwa akiunda kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo, akachomeka kimakosa kizuizi cha umeme chenye thamani siyo. Kifaa badala ya kurekodi kikaanza kutoa pigo fupi, kinapumzika sekunde moja, kinatoa tena. Akalitambua pigo lile. Tarehe 7 Mei 1958, pamoja na daktari wa upasuaji William Chardack, walikijaribu kwa mbwa katika hospitali ya maveterani ya Buffalo. Mwaka 1960 vifaa vyao vikaanza kupandikizwa kwa binadamu. Vya mwanzo Greatbatch alivitengeneza kwa mkono wake katika banda nyuma ya nyumba.

Vile vya kwanza vilipiga tu, moyo upende usipende. Vya siku hizi vinasikiliza kwanza. Moyo ukipiga wenyewe, kifaa kinakaa kimya. Ukichelewa, ndipo kinaingia. Nilipomweleza Maalim hivyo hospitalini alifurahi kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. "Kumbe kina adabu kuliko kile chako," akaniambia.

Aliporudi nyumbani, jambo la kwanza aliloomba ni daftari. Tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi alasiri kituo chake kilikuwa kimefanya mawasiliano 61. Watu 61 wa nchi kama ishirini walikuwa wameandika kwamba wamezungumza naye, na yeye yuko sakafuni. Nilimwambia ayafute yaishe. Hakukubali. Aliwaandikia wote, mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, kwamba mawasiliano yale si yake na anawaomba radhi. Ilimchukua mpaka Machi. Wengi hawakujibu. Mtaliano mmoja alimjibu kwamba hata yeye siku ile hakuwapo, alikuwa kwenye chakula cha Noeli na wakwe zake.

Mtambo nimeutoa, kilinzi nimekirudisha. Maalim sasa hukaa redioni saa mbili za usiku, nusu saa tu, na kabla ya lolote hurusha kwa mkono wake neno moja: NIPO. Kijana wa Louisville hujibu kabla ya kuingia zamu, nami hujibu nikiwa nyumbani. Zikiwa njia mbovu, hatusikii kitu, basi tunapiga simu. Juzi ilifika saa mbili na dakika nane bila ya neno. Nilikuwa nimeshashika simu, nimeshatafuta namba ya yule jirani mwenye ufunguo, ndipo likatokea kwenye kioo, hafifu, chini kabisa ya kelele. Nilimpigia hata hivyo. Alikuwa anasali isha, akanigombeza.